Bonde la Katwe na Vilima vya Manesi

Mutukula

Mtu wa Bukoba akivuka mpaka wa Mutukula hachukui muda kuzoea. Migomba ni ileile, udongo mwekundu ni uleule, na ukimwamkia kwa Kihaya mama anayechoma gonja ng'ambo ya geti, atakuitikia kwa Kiganda na bei mtaelewana. Kinachobadilika ni noti, na wanawake waliovaa gomesi wanaopanda bodaboda kwa kukaa upande, mkono mmoja umekumbatia mkoba na mwingine haujashika kitu chochote.

Nilikuwa naelekea Katwe, mtaa wa Kampala ulio kusini mwa katikati ya jiji, kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye anachomelea vyuma huko tangu ujana wake. Binti yake anasoma uuguzi, mwaka wa pili wa stashahada. Ujumbe wake wa simu kwangu mimi shangazi yake ndio ulionitoa nyumbani: leo figo, kesho kondo la nyuma, keshokutwa namna ya kutandika kitanda ambacho mgonjwa bado amelala juu yake. Walimwengu wengi wanaijua Katwe kwa sinema ya mwaka 2016, Queen of Katwe, ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa huo aliyefundishwa sataranji na Robert Katende akafika kwenye mashindano ya dunia. Mimi nilitaka kuijua kwa daftari la nesi.

Basi lilipita Kyotera asubuhi. Hii ilikuwa sehemu ya wilaya ya zamani ya Rakai, na watu wa umri wangu, wa pande zote mbili za mpaka, hawapiti hapa wakipiga soga. Ukimwi ulitupiga sisi na wao kwa wakati mmoja. Kwetu Kagera wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage. Huku Rakai watu walikuwa wanakonda na kufa, na wenyeji walishaupa ugonjwa jina lao kabla madaktari hawajauandika kwenye jarida la kitabibu mwaka 1985. Wodi zilijaa, dawa hazikuwepo. Ndipo hospitali ya Kitovu, pale Masaka, ikaanza kupeleka wahudumu vijijini kwa magari, na mwaka huohuo wa 1987 Noerine Kaleeba na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi. Nayataja haya mapema kwa sababu mengi niliyokuja kuyakuta kwenye daftari la binti yangu yana mizizi yake kwenye barabara hii. Hapa ndipo nesi wa Uganda alipolazimika kutoka wodini na kukaa kwenye mkeka wa mgonjwa.

Lukaya

Kila basi linasimama Lukaya, na ukishangaa kwa nini, fungua dirisha. Vijana waliovaa aproni za rangi wanakimbia na vijiti vya kuku, maini, nyama ya mbuzi na gonja za moto zilizofungwa kwenye karatasi. Dereva wetu alichagua paja la kuku kwa makini ya mtu anayenunua ng'ombe. Mimi nilichukua gonja mbili na sijutii.

Mzee aliyekaa jirani yangu, Mganda mwenye kofia ya lasi, alipojua natoka Bukoba alisema kwa Kiswahili cha jeshini, "Wajomba walipita hapa." Alikuwa na maana ya wanajeshi wa Tanzania. Machi 1979 walipambana hapahapa Lukaya na majeshi ya Idi Amin yaliyosaidiwa na Walibya, na mwezi uliofuata, tarehe 11 Aprili, wakaingia Kampala. Baada ya Lukaya barabara inakatiza kinamasi cha Lwera, maji pande zote mbili na wachuuzi wameninginiza sato kandokando ya lami. Kisha Kayabwe, ambapo watalii hupigwa picha wakiwa mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini mwa Ikweta. Sisi tulipita bila hata honi.

Katwe

Ukija kwa barabara ya Masaka unaingia Kampala kupitia Busega, Nateete na Ndeeba, na Katwe unaisikia kabla hujaiona. Ni nyundo. Mamia ya nyundo juu ya bati na chuma, mashine za kusaga makali, cheche za kuchomelea zinazorukia barabarani watu wakizikwepa bila kukatisha maongezi. Hapa wanatengeneza mageti, majiko ya mkaa, vinu vya kusaga mahindi, mashine za kukaangia bisi, matoroli, vitanda vya ghorofa vya shule za bweni. Mashine ikiharibika popote Uganda, mtu atasema peleka Katwe. Na si ufundi wa vyuma tu. Miaka ya 1940 na 1950, wakati Waafrika walikuwa hawana nafasi katikati ya mji wa wakoloni na Wahindi, magazeti ya Kiganda na siasa za kudai uhuru vilipata makao katika mitaa hii ya pembeni, na Katwe ilikuwa mbele. Leo jengo refu la Muganzirwazza, lenye jina la mama yake Muteesa wa Kwanza, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, limesimama juu ya vibanda kama mgeni rasmi.

Nyumba ya kaka iko ndani kidogo, baada ya mstari wa mafundi wa matranka. Wanafunzi wa bweni wa Uganda huenda shule na sanduku la bati, na mengi ya masanduku hayo yanakunjwa hapa: bati linapigwa kona juu ya reli ya chuma, linawekwa bawaba, linapakwa rangi na kuchorwa maua. Tranka la binti lilikuwa sebuleni, la buluu, limepigwa kufuli mbili.

Wifi yangu ni Mganda. Aliponiona alipiga magoti pale mlangoni, juu ya saruji. "Kulika okutambula, Ssenga." Pole na safari, shangazi. Nami nikaitikia kama nilivyofundishwa, tukaulizana habari za nyumbani, za migomba, za mvua, hadi salamu zikaisha zenyewe. Binti naye akapiga magoti. Chakula kilikuwa matooke yaliyopikwa ndani ya majani ya mgomba, yakapondwa humohumo na kuletwa bado yamefungwa, na mchuzi wa karanga wa rangi ya waridi. Sisi Wahaya ndizi zetu tunazipika na maharage kwenye sufuria moja, nzima nzima, na tunaamini kwamba kuziponda ni kuzionea. Hilo nililiweka moyoni.

Baada ya kula nikaomba daftari. Yalikuwa matano. Mwaka wa kwanza walianza na anatomia na fiziolojia, misingi ya uuguzi, mikrobiolojia, huduma ya kwanza, saikolojia. Mwaka wa pili ni magonjwa ya ndani, upasuaji, farmakolojia, watoto, ukunga na magonjwa ya wanawake, afya ya akili ambayo watakwenda kuiona Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyojengwa tangu 1955. Wa tatu utakuja na uongozi wa wodi, afya ya jamii, na utafiti mdogo ambao kila mwanafunzi wa stashahada lazima auandike mwenyewe. Vyuo vya manesi vya Uganda vina milango miwili: aliyemaliza kidato cha nne anaanza na cheti cha miaka miwili na nusu, na aliyefika kidato cha sita akiwa na biolojia na kemia anaweza kuingia moja kwa moja kwenye stashahada ya miaka mitatu. Wote hufanya mtihani wa taifa, na bila kusajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga hakuna anayeruhusiwa kugusa mgonjwa kwa mshahara.

Nilipofika kwenye ukurasa uliojaa hesabu nikasimama. "Hii ni nini?"

"Matone, Ssenga."

Akanieleza. Daktari ameandika lita moja ya maji ya dripu kwa saa nane. Mpira uliopo unatoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1,000 zidisha kwa 20, gawa kwa dakika 480, unapata 41 na ushei, kwa hiyo 42 kwa dakika. Nesi hana mashine ya kumhesabia, ana saa iliyobanwa kifuani na kigurudumu kidogo kwenye mpira cha kukaza na kulegeza. Akaenda kwenye dumu la maji jikoni, akalegeza koki, akaitazama simu yake, akakaza kidogo, akalegeza tena. "Hesabu." Nikahesabu. Arobaini na nne. Akakaza kwa unywele mmoja. Arobaini na mbili.

"Kwa mtu mzima ukikosea kidogo unaweza kusahihisha," alisema. "Mtoto ukimkimbizia maji, mapafu yanajaa. Kwa hiyo wa mtoto ni mpira mwingine, matone 60 kwa mililita."

Kaka alikuwa anasikiliza, miwani ya kuchomelea bado kichwani. "Sisi kijana akija kujifunza tunampa chuma chakavu kwanza, akiunguze mpaka kiishe. Nyie mnaanzia wapi?"

"Mdoli, Taata."

"Baada ya mdoli?"

"Sisi kwa sisi."

"Na baada ya hapo?"

"Anayekubali."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Lakini jibu hilo ni la darasani kabisa. Kwenye mtihani wa vitendo, kabla mwanafunzi hajashika sindano, ameshapata au kupoteza alama kwa mambo haya: amesalimia, amejitaja jina, ameeleza anachotaka kufanya, ameomba ruhusa. Nikamuuliza kama magoti nayo yana alama. Akasema hapana, ila mwalimu wao mmoja anawakataza kuongea na mgonjwa wakiwa wamesimama juu yake kama mti, na kwa wasichana wa Kiganda hilo halikuwa somo jipya. Wavulana ndio waliopata shida.

Kabla ya kulala nikataka kuona kile kitanda. Wifi akajitolea kuwa mgonjwa asiyeweza kuamka. Binti akamgeuza ubavu, akamwegemeza upande mmoja, shuka chafu akalikunja kwa ndani, uchafu ukitazamana na uchafu, likawa furushi refu mgongoni mwa mama yake. Shuka safi, lililokunjwa nusu, akalilaza sambamba. Kisha akamgeuza mgonjwa juu ya ule mwinuko, akazunguka upande wa pili, akavuta chafu, akanyoosha safi, akakunja kona kwa pembe kali kiasi kwamba kaka, mtu wa bati, alizisogelea kuzitazama. Muda mfupi tu. Nikadhani kiini cha zoezi ni unadhifu. Kumbe wakati mgonjwa amegeuzwa ndipo nesi anapoutazama mgongo wake, makalio na visigino, kutafuta wekundu usioondoka ukibonyezwa, mwanzo wa kidonda cha kulala. Ndiyo maana wasioweza kujigeuza wanageuzwa kila baada ya saa mbili, na ndiyo maana somo linaloonekana la kijakazi linakaa kwenye kurasa za kwanza kabisa.

Mengo

Katwe ni bonde. Ukisimama barabarani na kuinua macho, kila upande kuna kilima, na juu au ubavuni mwa karibu kila kilima kuna hospitali yenye shule ya manesi: Mengo ya Waanglikana kwenye kilima cha Namirembe, Lubaga ya Wakatoliki, Nsambya ya Wakatoliki tena, Kibuli ya Waislamu. Dini ziligawana vilima vya Buganda, na kila moja ikapanda juu na kanisa au msikiti wake, shule yake na dawa zake. Bondeni wakabaki watu.

Asubuhi tulipanda kwa miguu, tukiuzunguka ukuta mrefu wa Lubiri, kasri ya Kabaka ambayo Obote, kiongozi wa nchi wakati huo, aliishambulia Mei 1966 kwa mkono wa Amin hadi Kabaka Muteesa wa Pili akakimbilia uhamishoni. Njia inapanda polepole, miembe na mabati, hadi kanisa kuu la matofali mekundu la Namirembe linapotokea.

Albert Cook, daktari Mwingereza, alifika hapa Februari 1897 baada ya kutembea kutoka Mombasa. Safari ya miezi. Kwenye msafara huo alikuwemo nesi, Katharine Timpson, na mwaka 1900 walioana. Hospitali ya kwanza ilikuwa ya matete na nyasi, na iliyofuata ikapigwa radi ikaungua mwaka 1902, wakajenga tena. Watu humkumbuka daktari, naye alistahili: yeye na ndugu yake Jack ndio waliotambua ugonjwa wa malale hapa mwaka 1901. Mimi namkumbuka zaidi mke. Mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Katharine Cook alisimamia shule ya wakunga iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana, na wasichana wa Kiganda wakaanza kufundishwa ukunga wa kisasa kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiganda. Fikiria jambo hilo. Msichana wa kijijini anasoma njia ya uzazi, kamba ya kitovu na homa ya uzazi kwa lugha ya mama yake, miaka mia moja iliyopita. Binti yangu anasoma yote kwa Kiingereza, halafu anashuka bondeni kuyatafsiri mwenyewe, papo kwa papo, mbele ya mwanamke mwenye uchungu. Sijashawishika kwamba hayo ni maendeleo.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba shule ile ilimsukuma kando mulerwa, mkunga wa jadi, na majani yake ya mgomba na mitishamba yake. Hakwenda mbali. Sokoni chini ya kilima nilionyeshwa emumbwa, vijiti vya udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mitishamba, rangi ya kijivu na kahawia, ambavyo mjamzito huvisugua kwenye maji na kunywa. Muuzaji alikuwa na vya mgongo, vya kichefuchefu, vya kulainisha njia. Binti alivijua vyote kwa majina. Wanafundishwa siku hizi kumuuliza mjamzito anatumia nini nyumbani, na kuuliza kwa sauti ambayo haitamfanya afiche. Ukimcheka mara moja, aliniambia, hatakuambia tena, na siku anaingia leba na uchungu mkali usioeleweka hutajua amekunywa nini.

Kurudi Katwe

Jumatano tulirudi bondeni kazini. Kundi la wanafunzi wa shule moja, ambayo siyo ya binti, lilikuwa kwenye mazoezi ya afya ya jamii, na mwalimu wao alinikubalia kufuatana nao mradi nivae viatu vya kufunika. Nilielewa haraka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, mitaro ya Katwe ilikuwa imefurika na kurudi, ikaacha tope jeusi mpaka kwenye vizingiti.

Wanafunzi walikuwa na fomu. Wanaingia nyumba kwa nyumba pamoja na mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa, mama anayejulikana na kila mtu, ambaye bila yeye milango isingefunguliwa. Wanauliza: maji mnateka wapi, mnayachemsha, choo mnatumia na nyumba ngapi, chandarua kipo, watoto wamechanjwa. Wanatafuta kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu kwenye bega la kulia. Vitabuni choo ni mchoro wenye vipimo. Hapa ni mlango mmoja wa bati wa nyumba nyingi, na una kufuli, na ufunguo uko kwa mwenye nyumba. Mwanafunzi mmoja wa kiume aliandika kwenye fomu neno "hakipo" mbele ya chandarua, mwalimu akamrudisha ndani. Chandarua kilikuwepo. Kilikuwa kimezungushiwa kuku.

Kisha wakapika. Uwanjani, mbele ya wanawake waliokaa juu ya mikeka na watoto mapajani, wanafunzi walitengeneza kitobero, chakula cha mtoto anayeanza kula. Kinafundishwa sana Uganda, hasa kutokana na kazi ya Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago kinachotibu watoto wenye utapiamlo mkali. Kanuni yake ni kuchanganya. Kiganja cha ndizi zilizomenywa na kukatwa, maharage yaliyolowekwa na kutolewa maganda, dagaa waliosagwa ambao hapa wanawaita mukene, majani ya dodo, yaani mchicha, yote yanafungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke juu ya sufuria ya familia, ili mama asitumie mkaa wa pili. Kisha yanapondwa. Hakuna mizani, hakuna gramu, vipimo ni viganja vya mama mwenyewe. Mwanafunzi aliyekuwa anaeleza alianza na maneno ya darasani, protini na wanga, akaona macho yanapotea, akageuka: hiki cha kumpa nguvu, hiki cha kumjenga, hiki cha kumkinga. Mama mmoja akauliza kama mayai yanafaa badala ya mukene. Yanafaa. Akauliza tena nani atampa hela ya mayai. Kimya kidogo, kisha kicheko kikubwa, na mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake la alama. Ningetoa pesa kujua aliandika nini.

Nilikionja kitobero. Ni kitamu kuliko vyakula vingi nilivyowahi kula hospitalini, ingawa hakina chumvi. Na ndiyo, ndizi zilikuwa zimepondwa.

Jioni, nyumbani, tuliongea kwa simu na ndugu yetu aliyeko Marekani, ambaye naye alisoma unesi huko katika chuo cha jamii, shahada ya miaka miwili. Binti alimhoji kama polisi. Masomo yalifanana mno: mwili, dawa, watoto, wazazi, akili, upasuaji. Njia ile ilibuniwa na Mildred Montag, ambaye tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Columbia ilichapishwa mwaka 1951, wakati Marekani ilikuwa na upungufu wa manesi baada ya vita. Mwaka uliofuata vyuo kadhaa vikaanza kuijaribu. Wazo lake lilikuwa kuitoa shule ya manesi mikononi mwa hospitali na kuipeleka chuoni, mwanafunzi awe mwanafunzi na si kibarua wa wodi. Mwishoni wote, wa miaka miwili na wa minne, wanakutana kwenye mtihani mmoja wa leseni. Ndugu yetu akauliza nyie mazoezi ya jamii mnafanyia wapi. "Nje ya mlango wetu," binti alijibu.

Nsambya na Kibuli

Nsambya iko ng'ambo tu ya barabara, kilima kinachofuata. Mwaka 1903 masista Wafransisko walifika hapa, miongoni mwao Mwairishi Teresa Kearney, ambaye Waganda wanamjua kama Mama Kevina. Inasimuliwa kwamba zahanati yao ya mwanzo ilikuwa chini ya mwembe. Kutokana na hapo ikakua hospitali ya Mtakatifu Fransisko na shule ya wakunga na manesi. Tulipofika ilikuwa saa ya kubadilishana zamu, na barabara ya hospitali ilijaa wanafunzi waliovaa sare, soksi nyeupe, nywele zimebanwa, kalamu za rangi mbili mfukoni. Kila mmoja kwapani ana kitabu cha vitendo, chenye orodha ya kazi anazopaswa kufanya na nafasi ya sahihi ya msimamizi. Umezalisha wangapi, umefunga vidonda vingapi, umetoa chanjo ngapi. Mwanafunzi asiye na sahihi za kutosha anazitafuta kwa njaa, na binti alikiri kwamba kuna usiku huwa wanamwombea mama fulani asijifungue kabla zamu yao haijaanza. Mungu awasamehe.

Kibuli tulipanda kwa ajili ya Swala ya Ijumaa ya rafiki yake binti, na kwa ajili ya mandhari. Msikiti mweupe uliojengwa kwenye ardhi ya Prince Badru Kakungulu unatazama jiji zima. Ndani ya eneo hilohilo kuna shule, hospitali na chuo cha manesi. Huyo rafiki anasoma hapo. Tulikula mkate wa kumimina kwa dada yake huku akitueleza mambo ya glavu na gauni. Januari 2025 nesi wa kiume wa hospitali ya Mulago alifariki kwa Ebola, na tangu hapo, alisema, hakuna mwanafunzi anayeona somo la kunawa mikono kuwa la chekechea. Wanapimwa hata namna ya kuvua glavu: ya kwanza inageuzwa nje ndani, inashikwa kwenye kiganja, ya pili inaifunika. Alitufanyia mezani kwa mifuko ya nailoni.

Makindye

Siku yangu ya mwisho kaka alitaka kunipeleka kula kigere, supu ya kwato za ng'ombe. Binti akanivuta upande mwingine, juu Makindye, kwa nesi mmoja mstaafu anayeheshimiwa sana na walimu wake. Mama huyu alifanya kazi miaka mingi ya kutembelea majumbani wagonjwa wa saratani. Huduma hiyo ilianzishwa mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman kwenye nyumba ndogo iliyoazimwa na hospitali ya Nsambya, kisha Hospice Africa Uganda ikahamia hapa Makindye.

Alitupa chai ya tangawizi akaanza kusomesha bila kuombwa. Morfini yao ni ya kunywa. Unga unayeyushwa kwenye maji, unatiwa rangi ili mgonjwa na ndugu wasichanganye nguvu zake. Ya kijani ni ile nyepesi, miligramu 5 kwa mililita 5. Inatolewa kila baada ya saa nne, na ya kulalia huongezwa mara mbili ili mtu apate usiku wake. Haimgharimu mgonjwa. Tatizo la mwanzo halikuwa dawa bali mkono wa kuiandika: sheria ilimtaka daktari, na kwenye nyumba nyingi alizoingia daktari hakuwahi kufika. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni, nesi aliyepata mafunzo maalumu ya tiba shufaa akaruhusiwa kuandika morfini mwenyewe.

Binti alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. Akauliza maswali ambayo sikuyaelewa yote, ya figo, ya wazee, ya dozi ya mtu ambaye bado anaumwa kabla saa nne hazijafika. Mama akajibu moja baada ya jingine, akimtaka kwanza aseme yeye angefanyaje. Kisha akamgeuzia kibao. "Nimekuja kwako na saratani ya kizazi. Umenipima, umenisikiliza, umeandika morfini vizuri. Nini kingine kiko kwenye karatasi yangu?"

Binti akafikiri. "Dawa ya kichefuchefu."

"Labda. Na nini?"

Kimya.

"Dawa ya choo, mwanangu. Morfini inafunga tumbo la kila mtu, tajiri na maskini. Ukiisahau hiyo, wiki ijayo mimi nitakuwa nalia kwa jambo lingine kabisa, na atakayevaa glavu kunisaidia ni wewe, si daktari."